Mstari Una Ncha Mbili: Safari Moja ya Lady Be Good

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Nimekuja kuwasimulia habari za ndege iliyokwenda vitani mara moja tu.

Ilikuwa B-24D Liberator, ndege ya mabomu ya Marekani yenye injini nne. Puani iliandikwa jina lake, Lady Be Good. Ilifika Soluch, kusini ya Benghazi nchini Libya, mwishoni mwa Machi 1943. Alasiri ya tarehe 4 Aprili ikaondoka kwenda kupiga bandari ya Naples, Italia. Ndani walikuwamo vijana tisa chini ya rubani William Hatton, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita wakiwa pamoja.

Uwanjani kulikuwa na dhoruba ya mchanga. Mchanga ukaingia kwenye injini, ndege nyingi za kundi lao zikarudi. Wao wakaendelea. Walipokaribia Naples giza limeshatanda, shabaha haionekani, wakageuza na mabomu wakayatupa baharini. Kazi yote ya ndege hii vitani ndiyo hiyo.

Sasa naomba tutulie hapa kidogo. Saa sita na dakika 12 usiku Hatton aliita kwa redio: kifaa chake cha kutafutia uelekeo hakifanyi kazi, anaomba aelekezwe. Kituo cha redio cha Benina, karibu na Benghazi, kikampima, kikamwambia yuko nyuzi 330 kutoka kituoni, yaani kaskazini-magharibi, juu ya bahari. Kipimo chenyewe hakikuwa na kosa. Antena za wakati ule zilikuwa za duara. Unaizungusha mpaka sauti ififie, nayo inakupa mstari. Lakini mstari una ncha mbili, na antena ile peke yake haiwezi kukwambia ndege iko ncha ipi. Ukiugeuza mstari wa 330 unapata 150, kusini-mashariki, jangwani. Ndege ilikuwa imeshavuka pwani. Kila dakika ilizidi kuzama Sahara, na aliyeuliza na aliyejibu wote wakiamini iko baharini.

Saa nane usiku mafuta yakawa yanakatika, wakaruka kwa parachuti. Wanane wakakutana mchangani. Wa tisa, John Woravka aliyekuwa mlenga mabomu, hawakumwona. Parachuti yake haikufunguka vizuri. Ndege nayo, bila mtu ndani, ikaendelea kuteremka yenyewe, ikatua kwa tumbo kama kilomita 26 mbele yao. Ndani yake mlikuwa na maji, chakula na redio nzima.

Wako wanaosema vijana wale wangeifuata ndege yao. Mimi naona si haki kuwalaumu. Nani angejua kwamba ndege isiyo na rubani imetua salama hivyo? Walidhani pwani iko karibu, wakashika njia ya kaskazini-magharibi. Kambi yao ilikuwa mbali zaidi ya kilomita 600.

Rubani msaidizi, Robert Toner, alikuwa na kijitabu cha kumbukumbu, na ndicho kinachotuambia mengine. Nusu chupa ya maji kwa watu wanane. Kila mtu kizibo kimoja cha chupa kwa siku. Hebu chukueni kizibo cha chupa mliyonayo hapo mkitazame. Walitembea dakika 15, wakapumzika 5, usiku kucha. Njiani waliacha alama kwa vipande vya parachuti vilivyokandamizwa kwa mawe, ili watakaowatafuta waone walikoelekea. Waliotumwa kuwatafuta walitafuta baharini.

Tarehe 9 Aprili, baada ya kilomita 100 hivi, watano hawakuweza tena. Shelley, Ripslinger na Moore wakaendelea kutafuta msaada. Tarehe 12 Toner akaandika kwamba msaada bado, na usiku ni wa baridi kali. Hakuandika tena.

Ndege iliendelea kukaa pale. Mwaka 1958 watafuta mafuta wa Kiingereza waliiona kutoka angani, na mapema 1959 wapimaji wa ardhi wakaifikia kwa magari. Kiwiliwili kilikuwa kimevunjika, lakini redio ilifanya kazi na bunduki zilifyatuka. Hakukuwa na mwili hata mmoja, wala parachuti. Februari 1960 walipatikana wale watano, wamelala pamoja. Mei wakapatikana Shelley na Ripslinger, mbali sana mbele ya wenzao, katikati ya matuta ya mchanga ambayo hakuna aliyeamini mtu mwenye kiu vile angeweza kuyapanda. Agosti akapatikana Woravka.

Mwaka 1994 mabaki ya ndege yalibebwa yakapelekwa kambi ya jeshi karibu na Tobruk. Mwili wa Vernon Moore, mmoja wa wale watatu walioendelea, haujarudishwa kwao mpaka leo.