pKa ni ya molekuli, pH ni ya myeyusho

Haya jamani tuanze. pH ni nini mnajua, ni kipimo cha protoni zilizo kwenye myeyusho, ikishuka ndo zimeongezeka, siirudii. Ugomvi wangu ni uleule wa kila siku: unamuuliza mtu pKa ya asidi ya siki, yaani pH ambayo nusu ya molekuli zake zimeachia protoni, na yeye anakuuliza imetiwa maji kiasi gani. Maji yanahusu nini hapo? 4.76, basi, hata uongeze maji ndoo nzima, hiyo ni tabia ya molekuli yenyewe. Kinachohama ni pH, kwa sababu hiyo ni hali ya myeyusho mzima, na kila ulichotia humo kina mkono wake.

Sasa ziweke namba mbili pamoja. pH ikiwa 4.76, nusu ya molekuli zimeachia protoni na nusu bado zimeishika. Panda moja tu, 5.76, kwa kila moja iliyoshika kuna kumi zilizoachia, yaani kama asilimia 91. Panda tena moja, ni mia kwa moja. Shuka 3.76, unageuza, zilizoachia ni asilimia 9. Hesabu imeisha na kalkuleta hujaigusa! Fomula ya Henderson na Hasselbalch, ile inayounganisha pH na pKa kwa logi, siitukani, lakini mtu ameikariri mpaka anaiota, halafu ukimuuliza aspirini kwenye pH 2 ina chaji au haina, anaanza kutafuta logi. We angalia tu, pKa yake ni kama 3.5, pH iko chini, protoni zimejaa tele, kwa hiyo imeshika yake na haina chaji. Ipeleke kwenye damu, pH 7.4, karibu zote zimeachia, kwa hiyo zina chaji.

Najua kuna wa kusema mbona asidi ya hidrokloriki haifuati hayo. Inafuata! pKa yake iko chini kabisa ya sifuri, pH za kawaida zote ziko juu yake, ndo maana imeachia yote. Na msinichanganyie asidi kali, inayoachia protoni kirahisi, na asidi iliyokolea, iliyo nyingi kwenye maji machache, nawaomba.

Besi ni hivyohivyo, ila pKa mnayopewa ni ya umbo lililokwisha kushika protoni, na hapa kushika ndiko kunakoleta chaji. Amonia, 9.25: chini ya hapo nyingi zina chaji, juu ya hapo hazina. Wengi wanageuza hapa.

Bafa, yaani myeyusho unaozuia pH isiyumbe, haraka: chagua asidi ambayo pKa yake haipishani na pH unayoitaka kwa zaidi ya moja. Eeh, naona mkono, bafa ya bikaboneti ya damu ina pKa 6.1 na pH ya damu ni 7.4, mbona inafanya kazi? Kwa sababu mapafu yanaitoa kaboni dioksaidi, ambayo ndiyo upande wa asidi wa bafa hiyo, nje muda wote, haijafungiwa kwenye chupa. Titresheni sitaifikia, saa imeniwahi.