Pima Kwanza, Taa Baadaye: Mhadhara kwa Mafundi Wapya wa Jukwaa

Assalaam alaikum, na karibuni nyote, hasa nyinyi mliovuka maji kutoka Pemba.

Katika karatasi mlizoniandikia, wengi mmeuliza kuhusu taa. Tununue taa gani, za rangi ngapi, zinazozunguka au zilizosimama? Tutafika huko. Nataka tuanze na mahali, kwa sababu kikundi kinachonunua taa kabla ya kujua kitacheza wapi kimenunua mzigo wa kuhangaika nao.

Tuchukue Ngome Kongwe, hii ya Mji Mkongwe hapa Unguja. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno, na waliokuwa wakiwafikiria ni askari na mizinga, si waigizaji. Leo ndani yake mna ngazi za kukalia watazamaji na jukwaa la wazi. Sasa angalieni kisichokuwepo: paa hakuna, pazia la mbele hakuna, wala pa kuning'iniza kitu hapana. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wa kumbi zilizofungwa, na mara nyingi huanza na mapazia yanayopandishwa darini kwa kamba na kapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba. Ukivifuata neno kwa neno, hapa utakwama siku ya kwanza. Tena kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, katika mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Msumari haupigiliwi humo. Kila ulicholeta kisimame chenyewe.

Kwa hivyo chombo chako cha kwanza ni tepu. Pima urefu, upana, kimo cha jukwaa, mlango wa kuingilia waigizaji, na umbali mpaka safu ya mwisho. Chora kwa skeli ya 1:25, yaani mita moja ya uwanjani iwe sentimita 4 kwenye karatasi. Jukwaa la mita 8 kwa 6 litakuwa sentimita 32 kwa 24 na litaenea katika karatasi ya A3. Halafu nenda ukakae kiti cha mwisho kabisa upande wa kushoto, kisha wa kulia, kisha kule juu nyuma. Mtu wa viti hivyo akiona, wote wameona. Wa katikati haumizi kichwa cha msanifu. Na tukubaliane jambo moja ili tusigongane gizani: tukisema kulia, ni kulia kwa mwigizaji aliyewaelekea watazamaji.

Sasa mandhari. Ukuta wa jukwaani ni fremu ya mbao nyepesi iliyowambwa nguo. Nguo nzuri kwa kazi hii ni merikani, ile isiyopaushwa ambayo mabibi zetu waliijua vizuri. Ukishaiwamba unaipaka kanji, au gundi iliyozimuliwa kwa maji. Ikikauka inajivuta na kukaza kama ngozi ya ngoma, ndipo unapaka rangi. Kwa kuficha pembeni tumieni kaniki, lakini ifueni kwanza, maana ikiwa mpya ina mng'aro na taa itaufichua.

Hapa ndipo panapotaka hesabu. Fremu ya kawaida ya futi 4 kwa 8 ina eneo la karibu mita 3 za mraba. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao kwa msimu wa kusi hakuna atakayeuita dhoruba, unaisukuma fremu hiyo kwa nguvu ya kama kilo 20. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne: kilo 80, uzito wa mtu mzima, zinaegemea ukuta wako wa nguo huku mwigizaji amesimama mbele yake akiimba. Basi fremu hutiwa egemeo la pembetatu kwa nyuma. Egemeo likirudi nyuma mita moja, kilo 25 za mchanga kwenye ncha yake zinalingana tu na ule upepo wa kwanza ukivuma kutoka nyuma. Mimi huweka maradufu. Ukivuma kutoka mbele, mchanga wa kwenye ncha haukusaidii chochote. Weka mwingine mguuni mwa fremu yenyewe.

Naona kijana wangu kule anacheka, anasema moyoni, "Mzee, mchanga wote huo tuubebe sisi?" Ndiyo, ama usijenge ukuta. Na hili la pili mimi nalipenda zaidi. Fito zilizoachana, nyavu za wavuvi, vipande vya makuti vilivyotobolewa: vyote hivyo vinapitisha upepo, na taa ikipita kati yake inaangusha vivuli ambavyo ukuta wa rangi hauwezi kukupa. Nimeona watu wakigharimika kuchora mlango wa Mji Mkongwe kwenye plaiwudi, na mlango wenyewe wa kweli uko hatua kumi kutoka pale.

Haya, taa. Kabla ya umeme, kumbi za Ulaya za karne ya 19 zilipasha bonge la chokaa kwa moto wa oksijeni na haidrojeni mpaka likang'aa jeupe. Chokaa, wanangu, hii hii ya kuta zetu. Mwaka 1881 ukumbi wa Savoy mjini London ukawa wa kwanza kuangazwa wote kwa umeme, na mwenyewe, Richard D'Oyly Carte, alipanda jukwaani akavunja balbu inayowaka mbele ya watu ili wasadiki kwamba haitawachoma.

Njia ya msingi ya kupanga taa aliiandika Mmarekani Stanley McCandless mwaka 1932, na bado inafaa. Gawa jukwaa katika maeneo. Kila eneo lipate taa mbili kutoka mbele, moja kushoto na moja kulia, kila moja ikiwa kwenye pembe ya nyuzi 45, na juu pia nyuzi 45. Moja iwe na rangi ya joto, kama manjano, nyingine ya baridi, kama buluu. Hivyo uso unapata umbo. Taa moja kutoka mbele, usawa wa macho, humfanya mtu aonekane picha ya pasipoti.

Jaribuni rangi pamoja na nguo, si kwa kukisia. Kanga nyekundu chini ya taa ya buluu tupu inageuka karibu nyeusi, na bibi harusi wako ataonekana mfiwa. Na taa hulengwa giza likishaingia. Mchana ni wa seremala, baada ya magharibi ni wa fundi taa.

Kuna jambo letu ambalo wageni huliruka. Kwenye taarabu mtazamaji hakai gizani kimya. Anainuka, anacheza taratibu, anapanda kumtunza mwimbaji. Kwa hivyo lazima pawe na ngazi mbele, pana, zenye vidato vilivyolingana kimo, ziwe na mwanga wake wenyewe usiozimwa, na nyaya zote zipite upande mwingine. Bibi aliyevaa baibui na viatu vya kisigino, ameshika noti mkononi na macho kayaelekeza kwa mwimbaji, ndiye unayemtengenezea ngazi hizo.

Umeme ni kuzidisha tu. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 inatoa wati 2,990. Taa za zamani za wati 1,000 ziwe mbili. Ya tatu inakupitisha kikomo. Za LED za wati 200 unaweza kuwasha kumi na ukabaki na nafasi. Waya wa ekstensheni ufungueni wote, kwa maana ukibaki umeviringishwa hupata moto. Waliokuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, umeme ulipokatika takriban miezi mitatu, hawahitaji kuhubiriwa kuhusu jenereta. Iwekeni mbali, nje ya ukuta, mafuta yake yakae mbali nayo.

Sauti nitaipita haraka: spika zikae mbele ya maiki, si nyuma yake, na ule mlio wa kutoboa masikio hautawasumbua sana.

Anayeyaunganisha yote haya ni meneja wa jukwaa. Ana daftari lenye maneno yote ya igizo, na pembeni ameandika kila ishara: taa ya 7, sauti ya 3. Anasema "tayari taa ya 7", fundi anajibu, na anaposema "sasa" ndipo mkono unasogea. Neno hilo halitumiwi kwa soga siku ya onyesho. Daftari hilo liwe pia na saa za sala, ili adhana isikukute katikati ya wimbo.

Nimeuacha moto mwisho makusudi. Tarehe 30 Disemba 1903, ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, uliofunguliwa mwezi mmoja tu nyuma na kutangazwa kuwa haushiki moto, uliwaka wakati wa onyesho la mchana. Taa iliunguza pazia. Pazia la kuzuia moto likakwama njiani. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine imefichwa, mingine ina makomeo ambayo watu hawakuyajua. Walikufa zaidi ya 600.

Merikani, makuti, fito, nyavu: vyote nilivyowasifia leo vinashika moto. Taa inayopata moto isivikaribie. Ndoo za mchanga na vizimamoto viwe pande zote mbili za jukwaa, na kabla watazamaji hawajaingia, meneja apite mlango mmoja mmoja, aufungue kwa mkono wake mwenyewe. Tepu ziko mezani pale. Kundi la kwanza lichukue jukwaa, la pili viti, la tatu milango, mkirudi tutachora.