Siku ya Hapana: Saa Tisa Usiku pale Kifissia

MWANAISHA: Haya jamani karibuni tena, mimi Mwanaisha niko hapa na kaka yangu Baraka. Leo tarehe 28 Oktoba, na huyu tangu juzi ananiambia lazima tuongelee Ugiriki. Kaka, Ugiriki kuna nini leo?

BARAKA: Leo ni Ohi dada. Ohi kwa Kigiriki ni hapana, basi nchi nzima iko mapumziko kwa ajili ya neno hilo moja tu, bendera kila mahali, watoto wa shule wanapiga gwaride.

MWANAISHA: Hapana aliambiwa nani?

BARAKA: Mussolini, dikteta wa Italia. Turudi 1940, saa tisa usiku, balozi wa Italia, Emanuele Grazzi, anaenda kugonga nyumbani kwa Metaxas, kiongozi wa Ugiriki, pale Kifissia nje kidogo ya Athens, mzee anaamka usingizini anapewa barua. Barua inasema ruhusu jeshi letu liingie likalie sehemu muhimu za nchi yako, na mwisho wa kujibu ni saa kumi na mbili asubuhi.

MWANAISHA: Sehemu zipi?

BARAKA: Ndo hivyo, aliulizwa na yeye mwenyewe balozi hajui!

MWANAISHA: Yaani mtu anakuja kukwambia nahamia kwako halafu hasemi chumba gani.

BARAKA: Metaxas akamjibu kwa Kifaransa, alors, c'est la guerre, yaani basi ni vita. Na hata hayo masaa matatu hawakuyasubiri, saa kumi na moja na nusu alfajiri jeshi la Italia lishaanza kuvuka mpaka kutoka Albania, ambayo walishaikalia tangu 1939.

MWANAISHA: Kwa hiyo neno hapana lenyewe hakulitamka?

BARAKA: Hilo neno ni la watu dada, wao ndo walilishika. Na mimi siku hii siwezi kumpa Metaxas peke yake, yule alikuwa dikteta, 1936 alivunja bunge, akafunga wapinzani wake wengi tu. Mimi nawapa wale akina mama wa milima ya Pindus. Theluji, njia mbovu, gari haipiti, wanawake wa vijijini wakajifunga masanduku ya risasi mgongoni kwa kamba wakapanda nayo mpaka kwa askari, wengine wazee kabisa, na kushuka wanawashusha majeruhi.

MWANAISHA: Aisee. Na wakashinda?

BARAKA: Waliwarudisha Waitaliano mpaka ndani ya Albania, Novemba 22 wakauchukua mji wa Korçë. Ila 6 Aprili 1941 Hitler akaingia, mwisho wa mwezi Athens ikaanguka, na baridi ile iliyofuata watu walikufa njaa barabarani, inaumiza sana kusoma.

MWANAISHA: Ngoja, 6 Aprili 1941? Hiyo si ndo siku Addis Ababa ilikombolewa?

BARAKA: Siku hiyohiyo! Mussolini huyohuyo, na huku kwetu kuna vijana wa KAR, lile jeshi la Waingereza la huku Afrika, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, walikuwa kwenye hiyo vita ya kumtoa Mwitaliano Ethiopia. Mababu zetu kabisa, na sisi tarehe hiyo hata hatuitaji.

MWANAISHA: Tutairudia hiyo, naahidi. Wewe si ulikaa Athens, gwaride uliliona?

BARAKA: Nililiona. Bibi wa ghorofa ya chini alitundika bendera barazani akaibana na vibanio vya nguo isipeperuke, halafu akakaa pembeni yake asubuhi yote. Gwaride likapita, mbele anakuwa mwanafunzi anayeongoza darasani, yeye ndo anabeba bendera. Sasa mwaka 2000, huko Nea Michaniona karibu na Thessaloniki, aliyeongoza alikuwa kijana wa Kialbania, mtoto wa wahamiaji. Wazazi wengine wakachachamaa, eti mgeni hawezi kubeba bendera yetu.

MWANAISHA: Na kaipata kwa akili yake!

BARAKA: Rais wa nchi alimtetea, ila kelele zilizidi, kijana akaiacha abebe mwenzake. 2003 akaongoza tena.

MWANAISHA: Akabeba?

BARAKA: Hapana. Akaiacha tena.