Kabla ya kusema "kachanganyikiwa": huduma ya afya ya akili wakati wa mlipuko

Ndugu wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii wa Moshi, karibuni. Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alipotangazwa baada ya kutua hapa kwenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), mawazo ya wote yalikuwa kwenye mapafu. Baadaye Shirika la Afya Duniani likaeleza kwamba mwaka ule wa kwanza wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa takribani asilimia 25. Hofu ni kweli ipo, ila wengi huivuka wakipewa habari sahihi na nafasi ya kuongea na wa nyumbani. Mimi leo nawapeleka wodi ya kutengwa, usiku wa pili.

Mgonjwa anachunachuna shuka, anafukuza wadudu ambao wewe huwaoni, dripu kaing'oa. Usikimbilie haloperidoli, dawa ya kutuliza akili. Mvalishe kipima oksijeni kidoleni: ikisoma chini ya asilimia 90, mpe oksijeni kwanza. Pima sukari na joto. Anayekutambua asubuhi lakini jioni hakujui, mara nyingi tatizo limeanzia mwilini.

Kisha waulize ndugu: mara ya mwisho alikunywa pombe lini? (Kilimanjaro hii, swali la mbege, pombe yetu ya ndizi, halimvunjii mtu heshima.) Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla, hutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kumpata ndani ya saa 48, na kuweweseka kwa hatari huja kati ya saa 48 na 72. Diazepamu ndiyo dawa yake, lakini hupunguza kasi ya kupumua. Kwa mwenye mapafu mabovu toa kidogo kidogo huku ukitazama kipima oksijeni. Mpe na thiamini (vitamini B1), isisahaulike anapowekewa glukosi.

Wagonjwa wa kliniki wanaotumia dawa kila siku nao msiwaache. Fenobabito, dawa ya kifafa, ikikatika ghafla, kifafa hurudi kwa fujo. Wape dawa za miezi miwili au mitatu, isipokuwa mwenye mawazo ya kujiua: huyo apewe za siku chache tu, na zishikwe na ndugu. Anayetumia litiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, akipata homa na kutapika, asipewe diklofenaki ya maumivu, paracetamoli inatosha. Akianza kuyumba au ulimi kuwa mzito, asimamishe litiamu, aletwe siku hiyohiyo.

Mkifuatilia kwa simu, anzeni hivi: "Uko peke yako hapo?" Akisema hapana, ulizeni maswali ya ndiyo na siyo tu, ili walio karibu naye wasijue mnaongea nini.