Je, vioo vya Archimedes vingechoma meli? Tupime wenyewe

Karibuni. Inasimuliwa kwamba Warumi walipouzingira mji wa Syracuse, kisiwani Sicily, hadi ukaanguka mwaka 212 KK, Archimedes, mwanahisabati Mgiriki wa mji huo, alikusanya miale ya jua kwa vioo akaziteketeza meli zao. Leo tunaipima hadithi hiyo kwa nta ya mshumaa.

Tafuta vioo 8 bapa, sentimita 10 kwa 10. Mafundi vioo huwa na vipande vilivyobaki. Kingo zizungushie tepu. Ndoo ya maji iwe karibu, na usiutazame kamwe mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo. Macho hayana spea.

Paka kibao masizi, dondoshea nta katikati, kisimamishe kivulini. Vioo vikae juani, hatua 5 kutoka hapo. Egemeza cha kwanza kwenye tofali, kigeuzegeuze mpaka doa la mwanga litue juu ya nta. Ongeza cha pili, cha tatu, madoa yalaliane. Hesabu umefikisha vingapi nta inapoanza kutiririka.

Sasa sogeza vioo nyuma hadi hatua 30. Doa limetanuka na kufifia, umeona? Jua si nukta. Machoni petu lina upana wa nusu digrii, kwa hiyo hata kioo bapa hutoa mwanga unaotawanyika: mita 30 mbele, doa limeongezeka karibu sentimita 28.

Dawa yake ni wingi wa vioo. Mwaka 1747, mwanasayansi Buffon wa Ufaransa aliwasha mbao kwa mbali akiwa na vioo 168. Mwaka 2005, wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walipanga vioo 127 wakawasha mfano wa meli umbali wa mita 30 hivi. Kwa hiyo moto unawezekana kabisa.

Lakini meli ile ilikuwa imetulia. Mwambie mwenzako ayumbishe kibao polepole, kama chombo mawimbini. Madoa yanateleza, nta inaganda. Jaribu kuyarudisha: doa lipi ni la kioo kipi? Hapo ndipo mimi nilipoacha kuiamini silaha hii. Isitoshe, Syracuse inatazama mashariki, jua la kuelekea bahari wazi ni la asubuhi tu. Naye mwanahistoria Polybius, aliyeuandika mzingiro ule miongo kadhaa baadaye, anaeleza mitambo ya kurusha mawe na makucha ya chuma yaliyonyanyua meli. Vioo hakuvitaja.

Ukimaliza, laza vioo kifudifudi kabla hujaondoka.