Nani Anayeiwasha Taa Hiyo? Kuzisoma na Kuzidhibiti Taa za Tarakilishi

Mhadhara uliotolewa Kisumu kwa mafundi wa tarakilishi na walimu wa maabara za shule

Walimu na mafundi wenzangu, mliotoka Siaya, Vihiga na Kakamega na nyinyi wenyeji wa hapa Kisumu, karibuni. Taa tutakazozizungumzia leo ni ndogo sana, nazo tunazitazama kila siku, lakini wengi wetu tunauliza tu kama inawaka au haiwaki. Mimi ninawaomba muulize jambo la kwanza kabla ya hilo: ni nani anayeiwasha? Taa haiwezi kusema lolote zaidi ya anayoyajua yule anayeitawala.

Tuchukue kibodi. Unapobonyeza Caps Lock, unaweza kudhani kwamba kitufe chenyewe ndicho kinachowasha taa yake, lakini sivyo: kibodi hupeleka tu habari kwamba kitufe kimebonyezwa, mfumo wa uendeshaji (programu kuu ya tarakilishi, kama Windows au Linux) huipokea habari hiyo, kisha huirudishia kibodi amri ya kuwasha taa. Kwa hiyo skrini ikiganda na kipanya kikakataa kusonga, bonyeza Caps Lock mara kadhaa. Taa ikiitika, mfumo ungali hai na huenda ni programu moja tu iliyokwama, basi mpe mwanafunzi nafasi ya kuokoa kazi yake kabla ya kuzima mtambo. Isipoitika, kuna uwezekano mkubwa kwamba mfumo wenyewe ndio uliokwama. Kwenye vipakatalishi vingi vya Linux, kiini cha mfumo kikipatwa na hitilafu kisichoweza kuivuka, taa ya Caps Lock huanza kupepesa yenyewe.

Taa iliyo kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu wa ndani ya tarakilishi, ina bwana mwingine. Mbao nyingi zina taa inayowashwa moja kwa moja na umeme wa akiba wa volti 5, ambao kisambaza umeme huutoa wakati wote kikiwa kimechomekwa ukutani, hata kama tarakilishi imezimwa. Taa hiyo haijui lolote kuhusu mfumo wa uendeshaji. Inakwambia tu kwamba ubao una umeme, na hilo latosha kukukataza kuchomoa memori. Ukitoa plagi, itaendelea kuwaka kwa sekunde chache hadi chaji iliyobaki iishe. Subiri izime kabisa.

Mahali ambapo watu wa mitaa yetu wanapoteza muda mwingi zaidi ni kwenye kifaa cha fiba, yaani waya wa kioo unaoleta intaneti kwa mwanga. Intaneti ikipotea, mtu huzima na kuwasha ruta asubuhi nzima, ilhali jibu liko mbele yake. Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, kifaa hakipokei mwanga wa kutosha kutoka kwenye waya: waya umekatika njiani, umepindwa mno nyuma ya kabati, au ncha yake imeingia uchafu. Kuzima na kuwasha hakutaunganisha kioo kilichokatika. Ikiwa LOS imezima lakini taa iliyoandikwa PON inapepesa, mwanga unafika ila kifaa bado hakijakubaliwa na mtambo wa kampuni ya intaneti. PON ikitulia na bado hakuna intaneti, basi acha waya, uangalie akaunti, mipangilio ya ruta au Wi-Fi yenyewe. Taa mbili za hapo zinaweza kumwokolea mteja safari ya fundi, na kumwokolea fundi aibu ya kubadilisha kifaa kizima bure.

Sasa tuje kwenye kuzidhibiti. Katika Linux, taa ambazo mfumo unazitawala zimeorodheshwa kwenye folda ya /sys/class/leds, na kila moja ina faili ya brightness, inayoshika kiwango cha mwangaza, na faili ya trigger, inayotaja tukio linaloiendesha. Ukiandika none kwenye trigger kisha 0 kwenye brightness, taa huzima. Ukiandika heartbeat, hupiga mapigo mawili mawili kama moyo, na mapigo huongeza kasi kadiri kazi ya prosesa inavyozidi. Hilo lafaa sana kwa Raspberry Pi, tarakilishi ndogo ya ubao mmoja, isiyo na skrini na iliyowekwa pembeni mwa maabara. Mabadiliko hayo hupotea mtambo ukizimwa, kwa hiyo yanayotakiwa kudumu kwenye Pi huandikwa katika faili ya config.txt. Pi hiyo hiyo ikishindwa kuwaka, hesabu mipepeso ya taa ya kijani: mifupi saba ina maana kwamba faili ya kiini cha mfumo haikupatikana kwenye kadi.

Ninasisitiza kwamba si kila taa yafaa kuzimwa. Taa nyekundu ya umeme kwenye matoleo mengi ya Pi huzima volti zikishuka chini ya takriban 4.63, jambo la kawaida mtu anapotumia chaja ya simu na waya mwembamba. Ukiizima kwa sababu inakukera, umejinyima onyo. Ruta iliyo chumbani mwa mtoto ni jambo jingine, hasa ikiwa na taa kali ya buluu. Ruta nyingi zina sehemu ya kuzima taa kwenye ukurasa wa mipangilio, na kama haipo, kipande cha tepu nyeusi kinatosha.

Imebaki taa ya kamera. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walionyesha kwamba kamera za baadhi ya MacBook (vipakatalishi vya Apple) za zamani ziliweza kupangwa upya, zikarekodi taa yao ikiwa imezima, kwa kuwa programu iliyokuwa ndani ya kamera ndiyo iliyokuwa na uwezo juu ya taa hiyo. Kwa hiyo, kwa kipakatalishi usichojua kimepitia mikono ya nani, usiitegemee taa peke yake. Bandika karatasi juu ya lenzi, kwa maana hakuna programu inayoweza kuibandua.