Kinu cha Palisades kimerudishiwa leseni: watu wa Uyombo na Siaya, nina neno nanyi

Hamjambo ndugu zangu. Leo siko jikoni, nimetoka. Huo mnaousikia ni upepo wa Ziwa Michigan, na hapa niliposimama ni South Haven. Ule mnara mwekundu kule mwisho wa gati ni taa ya kuongozea vyombo. Mtu wa pwani akija hapa mara ya kwanza anadanganyika kabisa: mawimbi yapo, mchanga upo, ng'ambo haionekani. Kisha unachota maji kwa kiganja, unaonja, chumvi hakuna. Haya ni maji ya kunywa. Chicago wanakunywa ziwa hili, na sisi wa Grand Rapids tunakunywa hili hili. Nikifungulia bomba nyumbani kupika chai, ndiyo maji yenyewe haya.

Shikeni hilo la maji, tutalirudia.

Ukifuata ufuo kwenda kusini kama kilomita nane kuna mtambo wa nyuklia unaitwa Palisades. Kamera yangu haifiki, basi nitawaeleza kwa mdomo. Ulianza kuuza umeme mwisho wa mwaka 1971. Una kinu kimoja, megawati 800 hivi. Mei 20, 2022 ulizimwa, na mwezi uliofuata ukauzwa kwa kampuni iitwayo Holtec, ambayo iliununua ili iubomoe. Karibu watu 600 walikuwa na kazi pale. Kata yenyewe, Covert, ni ya mashamba, na kodi ya mtambo ndiyo iliyokuwa ikibeba mambo mengi. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri: ninaposema nina wasiwasi, siwasemi vibaya waliofurahi uliporudi. Mtu aliyepoteza mshahara ana haki ya kufurahi.

Sasa, umerudije? Hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha, kwa sababu nimekaa na makaratasi haya usiku mwingi baada ya zamu, na nimeona mambo ambayo ningependa mjomba wangu kule Uyombo, pwani ya Kenya, ayajue, maana nako kuliwahi kutajwa kujengwa kinu.

Huku Marekani kinu kikifungwa, mwenye leseni anaithibitishia Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, NRC, mambo mawili kwa maandishi. Kwanza: nimeacha kukiendesha moja kwa moja. Pili: fueli yote nimeitoa ndani ya kinu. Akishathibitisha hayo, leseni inabaki mkononi mwake ila haina nguvu ya kuwasha. Anaruhusiwa kulinda, kusafisha na kubomoa, basi. Palisades ilikuwa imeshapitia yote mawili, na sheria haikuwa na mlango ulioandikwa "kurudi". Hakuna kinu Marekani kilichokuwa kimefungwa namna hiyo kikarudishwa.

Holtec wakaomba mlango utobolewe. Septemba 2023 wakapeleka ombi la kusamehewa lile katazo la kuwasha. Yakafuata maombi ya kubadilisha leseni yenyewe: kurudisha kanuni za kiufundi za kinu kinachofanya kazi, kurudisha mpango wa dharura ambao ulikuwa umepunguzwa baada ya kufunga, na kuhamisha mamlaka ya uendeshaji kutoka kampuni ya kubomoa kwenda kampuni ya kuzalisha umeme. Ukisoma ombi moja moja unaona ni mambo ya ofisini tu, neno hili litoke, lile liingie. Ukiyaweka pamoja, unaona ni kinu kinawashwa kando ya maji ya mamilioni ya watu.

Na hapa niwape haki yao wataalamu wa NRC. Waliyachukua maombi yote wakayapima kwa pamoja kama tendo moja. Mngeachia kila ombi lipimwe peke yake, kila moja lingesema "mimi ni dogo". Hii ni hila ya zamani ya miradi mikubwa, nanyi huko nyumbani mnaijua: barabara inapimwa peke yake, bandari peke yake, mabomba peke yake, na hakuna anayepima yote yakiisha.

Sheria inayowalazimisha kupima ilisainiwa Januari 1, 1970. Inataka serikali, kabla ya kutoa kibali, iseme tendo lake litayafanyia nini mazingira, na iseme pia kungekuwaje kama tendo lisingefanyika. Hapa kutofanya maana yake ni ubomoaji uendelee. Kwa hiyo unalinganisha picha mbili: kinu kinachovunjwa taratibu, na kinu kinachovuta maji ya ziwa, kinachoyarudisha na joto, kinachotoa mionzi kidogo kwa kiwango kilichoruhusiwa, na kinachoongeza fueli iliyotumika, ambayo bado ina mionzi mikali, mwaka hadi mwaka. Wanaangalia maji, samaki, popo wa msituni, mimea ya vilima vya mchanga, hewa, ajira, na makabila ya wenyeji wa asili wa eneo hili, ambao walikuwa hapa kabla ya wote.

Kuna ngazi mbili za kupima. Ipo taarifa kamili ya athari, kitabu kinene kinachochukua muda. Na ipo tathmini fupi, ambayo ikiona hakuna athari kubwa, safari inaishia hapo. Palisades ilipewa ile fupi. Julai 2024 kulikuwa na mkutano wa kusikiliza watu, Benton Harbor. Rasimu ikatoka mwisho wa Januari 2025, wananchi wakapewa mwezi mmoja waandike maoni, na Mei 2025 jibu la mwisho likatoka: hakuna athari kubwa. Julai idhini zikatolewa, na Agosti 25, 2025 leseni ikawa tena ya mtambo unaoendeshwa.

Vikundi vinavyopinga nyuklia vilisema jambo ambalo halijawahi kufanyika nchi nzima lilistahili taarifa kamili. Nakubaliana nao. Wataalamu walitegemea pia taarifa kamili ya mwaka 2006, iliyoandikwa leseni ilipoongezwa hadi 2031. Naelewa sababu, mtambo ni ule ule, ufuo ni ule ule. Lakini mwaka 2024, wakati ombi linapimwa, ukaguzi wa jenereta za mvuke, yale mapipa yenye mirija ambamo joto la kinu hugeuza maji kuwa mvuke, ulionyesha zaidi ya mirija 1,000 yenye dalili za nyufa, na ikabidi ifanyiwe matengenezo, wakiingiza mrija mwembamba ndani ya ule ulioumia. Hilo lilikaguliwa kwenye faili la usalama, ambalo ni faili jingine. Mimi mama ninayechemsha maji ya ziwa siwezi kuyatenganisha mafaili hayo mawili. Kikipasuka kitu, hakitauliza kiliandikwa kwenye faili gani.

Lakini linaloniuma zaidi ni mpangilio wa tarehe. Jimbo la Michigan lilikuwa limeshaweka dola milioni 300. Serikali kuu ikasaini mkopo wa dola bilioni 1.52 Septemba 2024. Rasimu ya tathmini ikaja miezi minne baadaye. Niambieni, mtu anayesimama mkutanoni na dakika zake tatu anashindana na nini? Ndio, masharti yalikuwepo, pesa ilikuwa itolewe kidogo kidogo kwa kutegemea idhini. Hata hivyo posa ilikuwa imeshajibiwa na mahari imeshahesabiwa, ndipo binti anaulizwa kama amekubali.

Subirini huu upepo upungue kidogo.

Haya. Sasa nataka niwape habari iliyonifanya nije mpaka hapa ufuoni, kwa sababu sikuijua hata baada ya miaka ya kuishi jimbo hili. Mtambo huu ulipokuwa mpya, ulijengwa uvute maji ya ziwa, uyapitishe, uyamwage tena ziwani yakiwa moto. Wavuvi wa samoni na watunza mazingira wakaingia kwenye kesi ya leseni. Waliingia kabla kinu hakijaanza kazi ya kuuza umeme, wakati mwenye mtambo anahesabu hasara ya kila siku ya kusubiri. Mwaka 1971 wakaelewana: mwenye mtambo ajenge minara ya kupozea maji, na aongeze mfumo wa kuzuia taka za mionzi zisiende ziwani. Minara ikajengwa. Mpaka leo Palisades inapoza maji kwa minara hiyo, na ukisoma tathmini mpya sehemu ya samaki, athari ndogo wanayoisifu inatokana kwa sehemu kubwa na ile kazi ya wavuvi. Hakuna hata sentensi ya kuwashukuru. Nimewakumbuka leo nikiwa nimesimama kwenye maji yao.

Kitu kimoja hawakukipata, na hakuna aliyekipata: mahali pa kupeleka fueli iliyotumika. Serikali iliahidi kwa sheria kwamba itaanza kuichukua mwaka 1998. Mlima wa Yucca kule Nevada ulichaguliwa, ukapingwa, pesa zikakatwa. Kwa hiyo hapa Palisades, tangu 1993, fueli hiyo inawekwa kwenye makasha makubwa ya chuma na saruji, juu ya mchanga, karibu na ziwa. Kinu kikiwashwa, yanaongezeka. Kisipowashwa, yaliyopo yanabaki pale pale. Jumapili mama mmoja wa Kivu, Kongo, tunayesali naye, wamefika wengi sana Grand Rapids, aliniuliza: "Binti yangu, hayo makasha yataondoka lini?" Nilimwambia ukweli, kwamba tarehe haipo. Akanyamaza, akanishika mkono.

Sasa nyumbani. Uyombo mnajua tulikotoka: miaka ile mpango ulipotajwa, kinu cha megawati 1,000, kati ya hori la Mida na bahari, msitu wa Arabuko-Sokoke mgongoni. Watu waliandamana, wengine wakapigwa, wakapeleka malalamiko mpaka Seneti. Siku hizi Siaya ndiyo inayotajwa zaidi, kwenye Ziwa Victoria. Ndugu zangu wa Siaya, mnanisikia? Ziwa lenu ni kama hili: mnalinywa, mnalivua, na mna majirani wa Uganda na Tanzania wanaolinywa pia. Katiba yetu, kifungu cha 42, inawapa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali iwashirikishe. Itumieni mapema. Ulizeni leo, kabla ya mkopo kusainiwa: maji ya kupozea yatarudi ziwani na joto kiasi gani? Fueli iliyotumika itakaa wapi baada ya miaka 60? Je, tathmini itaandikwa kwa Kiswahili na Kijaluo, au itawekwa kwa Kiingereza mtandaoni, mwezi mmoja, basi?

Na lipo moja ambalo halihitaji wakili. Kila tathmini inaanza na kueleza hali ilivyo sasa. Anayeandika hali ilivyo ndiye anayeamua kilichopotea. Kama hakuna aliyehesabu ngege na mbuta wa leo, mtaalamu atakuja na wiki zake mbili za kuchunguza, ataandika alichokiona, na hicho ndicho kitakuwa ziwa lenu kwenye makaratasi.

Kwa hiyo mjomba, najua Kadzo atakuonyesha video hii kwenye simu yake. Nimemtumia hela ya daftari kubwa, lile la jalada gumu. Kila mkirudi na ngalawa, andikeni tarehe, mlikovulia, changu wangapi, tafi wangapi, pweza wangapi, na maji yalikuwaje. Kama huwezi kuandika, mtajie yeye aandike. Hata kama kinu hakiji Uyombo tena. Anzeni na bamvua hili linalokuja.